Shangazi, mume wangu anataka kabati la mninga na chumba chenyewe ni kidogo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi na mume wangu hapa Tabora mjini, Isevya. Tumepanga vyumba viwili na sebule, na huku tunajenga polepole upande wa Ipuli. Mpaka sasa kule tumefikia msingi. Nina mimba ya miezi sita.

Shida yangu ni nguo. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini limeanza kutuletea maneno ndani. Tulianza maisha na lile kabati la kitambaa lenye zipu. Mabomba yake yalipinda, zipu ikafa, mwisho likalala chini lote na nguo zake. Tangu hapo nguo zetu ziko kwenye mabegi uvunguni, za kila siku ziko kwenye misumari nyuma ya mlango, na zilizofuliwa zinakaa kwenye kiti mpaka zinavaliwa. Mwezi uliopita nilivuta begi uvunguni nitoe khanga, sehemu ya chini ya begi ikabaki sakafuni. Mchwa. Doti mbili zimeliwa kwenye mikunjo, na kanzu ya mume wangu ya Idi ina tundu linalopita kiganja.

Sasa mume wangu amesema basi, tunatengeneza kabati la maana. Anataka la mninga, futi 6 kwa 6, milango mitatu na kioo katikati. Fundi ametaja bei inayozidi mara mbili ya tulichonacho, na mume wangu yuko tayari kukopa kwenye kikoba ili kujazia. Mimi niliona dukani makabati meupe ya MDF, ni ya bei ya kati na yanapendeza. Jirani yangu naye anasema tusijisumbue, tupigilie tu mbao ukutani. Lakini mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe ovyo, na ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo uliopigwa plasta juu.

Chumba chetu ni mita 3 kwa mita 3.3. Kitanda ni 5 kwa 6. Ukuta unaotazama miguu ya kitanda hauna mlango wala dirisha, na ndiko mume wangu anakotaka kabati likae. Kutoka kichwani mwa kitanda hadi ukuta huo ni ile mita 3.

Nikimwambia kabati ni kubwa, anasema namdharau, kila mwenye nyumba yake ana kabati. Shangazi, nichague nini? Na nitapangaje nguo za watu wanne, karibu watano, zisirudi tena kwenye kiti? Halafu jirani huyo huyo amenipa vidonge vya naftalini niweke kwenye nguo za mtoto ajaye, ili wadudu wasizisogelee. Nisaidie.

Mama wawili, Isevya

*

Marahaba mwanangu, na Mungu akufikishe salama.

Si jambo dogo. Mnakaribia kukopa pesa huku msingi wa nyumba unasubiri tofali, na nguo zinaendelea kuliwa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonisaidia zaidi ni vile vipimo ulivyoweka.

Tuanze navyo. Kitanda cha 5 kwa 6, ukihesabu na mbao za kichwani na miguuni, kinakaribia mita 2 kwa urefu. Upande huo una mita 3, kwa hiyo mbele ya kitanda inabaki mita 1. Kabati la kutundika nguo huwa na kina cha sentimeta 60, kwa sababu shati likiwa kwenye henga linataka karibu hizo zote, ukipunguza mikono inabanwa na mlango. Toa 60, zinabaki 40. Sasa futi 6 zigawe kwa milango mitatu: kila mlango ni futi 2, yaani sentimeta 61. Mlango wa 61 utafunguka vipi kwenye nafasi ya 40? Utagonga kitanda kabla haujafika katikati, na wewe mwenye tumbo utapita ubavu kila asubuhi.

Usimwambie mume wako kwamba kabati ni kubwa. Chukua chaki na tepu ya kupimia, mwombe yeye mwenyewe achore sakafuni umbo la kabati na mahali milango itakapofungukia. Halafu mpime na upana wa mlango wa chumba, mjiulize litaingiaje, na siku ya kuhamia Ipuli litatokaje. Kabati lililopigwa gundi na misumari halifunguliwi likaungwa upya. Fundi mzuri anaweza kulitengeneza la kufungua kwa bolti, lakini hilo lazima lisemwe kabla hajagusa mbao, na bado nafasi ni ile ile.

Kuhusu mninga wenyewe, mume wako hajakosea hata kidogo. Ni mbao ya kwenu. Misitu ya miombo inayouzunguka mkoa wa Tabora ndiyo inayoutoa, na wanaoutafuta mikoa mingine wanajua wanachotafuta. Ukikauka hautanuki na kusinyaa sana kati ya kiangazi na masika, na moyo wake, ile sehemu ya rangi ya kahawia, mchwa hawaupendi. Lakini mti huo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasua mbao, na tangu mwaka 2023 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya uangalizi wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwa hiyo naona ni hasara kuutia mninga kwenye migongo na milango ya kabati ambalo halitafunguka. Nunueni mbao, msinunue kabati.

Ninachokupendekeza ni hiki. Fundi wa kuchomelea awatengenezee fremu mbili za chuma, skwea paipu ya inchi moja inatosha, kila moja urefu wa sentimeta 90, kina 40, kimo kama 175. Ziungane kwa bolti na nati, msichomelee moja kwa moja. Juu yake laza mbao za mninga za 1 kwa 8, mbili mbili ubavu kwa ubavu, ukiacha mwanya wa kidole kidogo katikati ili hewa ipite. Inchi 8 ni kama sentimeta 20, kwa hiyo mbili zinakupa kina cha 40 bila kuunga kwa gundi. Shelfu 5 kila fremu, jumla ni vipande 20 vya sentimeta 90. Mbao ya futi 12 inatoa vipande 4, maana yake mbao 5 zinamaliza kazi. Mkikuta fupi za futi 7, kila moja inatoa vipande 2, mtahitaji 10. Linganisha hesabu hiyo na mninga unaoingia kwenye kabati la futi 6 kwa 6, na utaona kwa nini nasema mkopo hauhitajiki.

Kina cha 40 sikukitoa hewani. Khanga ina kama sentimeta 150 kwa 110. Ikunje nusu mara mbili kila upande, inakuwa kama 37 kwa 28. Inakaa kwenye shelfu ya 40 barabara, haichungulii nje, na nyuma yake hakifichiki kitu. Kwenye shelfu ya kina cha 60 utapanga safu mbili, na safu ya nyuma utaisahau mpaka mchwa waikumbuke. Tena ukitumia 40 badala ya 60, hata ukiacha sentimeta 5 nyuma ya fremu, mbele ya kitanda inabaki njia ya sentimeta 55. Mtu anapita na beseni la nguo.

Mkienda kununua, msichukue mbao kwa sababu ni nyekundu tu. Tazameni kingo. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mninga ndiyo inayoliwa na fukusi, utaona vitundu kama vya sindano na unga laini ukidondoka. Kataeni mbao yenye weupe mpana. Mbao mbichi utaijua kwa uzito: inua mbili za kipimo kimoja, iliyo nzito zaidi bado ina maji, na ikikauka ndani ya nyumba itapinda. Mwombeni muuzaji zilizokaa zimepangwa kivulini na vijiti katikati. Nunueni kwenye duka la mbao linalotoa risiti na lenye mzigo wenye vibali vya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Mbao za bei ya kutupa zinazouzwa jioni pembeni ya barabara ziacheni. Zikishapigwa randa na msasa, pitisha kitambaa chepesi juu yake. Kikinasa, msasa urudi, maana kibanzi kimoja kinachana baibui.

Na ile tabia ya kupaka oili chafu ili kufukuza mchwa, hapana. Inanuka miezi, inatia doa nguo, na wewe ni mjamzito. Vanishi kwenye mbao, redoksaidi ya kuzuia kutu na rangi kwenye chuma, kazi yote ifanyike kwa fundi au uani, na vitu vikae nje mpaka harufu iishe ndipo viingie chumbani.

Yale makabati meupe ya dukani sikushauri kwa nyumba hiyo. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Ikilowa, iwe ni bati linalovuja wakati wa masika au maji ya kudekia yanayofikia miguuni, inavimba na hairudi. Skrubu ikishalegea ndani yake haishiki tena, na shelfu ndefu ikibeba mablanketi inabonyea katikati. Mchwa nao wanaila. Kwenye nyumba kavu yenye sakafu ya vigae ningesema mengine.

Mbao za kupigilia ukutani, kama asemavyo jirani, zinataka ukuta wa kuzibeba. Tofali la udongo chini ya plasta halishiki msumari kwa muda mrefu, mzigo wa nguo ukizidi plasta inatoka na kipande. Ndiyo maana nimesema fremu yenye miguu yake. Ila muombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu mawili tu juu, ya kushikiza fremu isiinamie mbele. Mweleze kwamba kuna watoto, na mtoto akiona shelfu anaona ngazi. Kwa kuwa ukuta ni wa udongo, vishikizo hivyo visiaminiwe peke yake: vitu vizito vikae chini, vyepesi juu.

Sasa mchwa, ambao ndio walioanzisha yote haya. Hawaruki kutoka hewani wakatua kwenye begi. Wanatoka ardhini kupitia ufa wa sakafu au pale sakafu inapokutana na ukuta, na wanatembea ndani ya vijia vya udongo kwa sababu hawapendi mwanga wala ukavu. Begi lililolala chini ya uvungu wenye giza liliwapa kila kitu. Vuteni kitanda, tafuteni walipotokea. Kukwangua kijia hakutoshi, kesho wanajenga kingine. Mwambieni mwenye nyumba, ukuta ni wake na wakimaliza nguo watapanda kwenye kenchi zake. Apeleke mtu anayejua dawa ya mchwa, na siku hiyo wewe na watoto mlale kwa ndugu mpaka chumba kipate hewa ya kutosha.

Fremu ya chuma haiwazuii mchwa kupanda, usidanganywe. Faida yake ni kwamba kijia kinaonekana. Shelfu ya chini ianze sentimeta 15 kutoka sakafuni, na fremu isimame sentimeta 5 mbali na ukuta. Ukifagia kila siku chini yake na ukamulika tochi nyuma yake kila wiki, watakutwa wakiwa kwenye mguu wa chuma, bado hawajafika kwenye khanga. Katoni usiweke kabisa, si juu si chini. Ni chakula cha mchwa na nyumba ya mende. Vitu vidogo vikae kwenye vikapu vya plastiki au ndoo zenye mfuniko.

Za kutundika hazihitaji kuwa nyingi. Ukuta huo una mita 3.3, shelfu zinachukua 1.8. Kwenye kona isiyotazamana na kitanda mwambie fundi aongeze fremu ya tatu, urefu 90, kina 60, yenye bomba moja la kutundikia kwenye kimo cha sentimeta 165. Kanzu na gauni refu vinafika kama 150, kwa hiyo havigusi chini. Mashati mafupi yakae upande mmoja wa bomba, chini yao panabaki nafasi ya ndoo ya nguo za pasi. Misumari ya nyuma ya mlango iondoke yote. Mbu wanapenda kupumzika mchana kwenye nguo zinazoning'inia gizani, na mjamzito na malaria havitakiwi kukutana.

Milango huihitaji. Weka waya juu na pazia la kitenge linaloishia kidogo juu ya sakafu. Vumbi la Tabora kati ya Juni na Oktoba unalijua, pazia linalipokea na linafuliwa. Wakati wa mvua unalifungua mchana nguo zipumue, ukungu hauoti.

Hili la naftalini nataka ulisikie vizuri: usiviweke kwenye nguo za mtoto. Kuna watu wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida zaidi kwenye maeneo yenye malaria kama yetu. Mtoto mchanga wa namna hiyo akivuta mvuke wa naftalini kutoka kwenye nguo au blanketi, chembe zake nyekundu za damu zinavunjika, anakuwa wa manjano, na manjano hiyo kwa mchanga inaweza kudhuru ubongo. Huwezi kujua kwa kumtazama kama anao. Mrudishie jirani vidonge vyake kwa shukrani, alikutakia mema. Nguo zilizokwisha kaa navyo zifuliwe na kuanikwa mpaka harufu iishe kabisa, na ikiendelea kubaki usizitumie kwa mchanga. Mtoto akizaliwa na ukaona macho yake ya njano, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri jua la asubuhi limponye.

Nguo zake zinahitaji kufuliwa, kukauka kabisa, kupigwa pasi pande zote hadi kwenye mishono, kisha kuingia kwenye ndoo safi yenye mfuniko. Pasi hiyo usiiruke hata umechoka. Nguo zilizoanikwa nje, hasa chini ya miembe, huweza kutagwa mayai na yule inzi wa funza wanaoingia kwenye ngozi, na joto la pasi ndilo linalowamaliza.

Kupanga sasa. Kabla ya kuweka chochote, toa nguo zote kitandani, na mume wako awepo. Zinazovaliwa kila wiki zitengwe, za shughuli zitengwe, na zisizomtosha mtu ziondoke nyumbani siku hiyo hiyo. Ukisema utazigawa baadaye, zitalala kwenye shelfu mpya mwaka mzima. Shelfu mbili za chini ni za watoto, sare za shule mbele kabisa, wajichukulie wenyewe. Ya tatu, ambayo iko kwenye sentimeta 85, ni ya mtoto mchanga na ya nguo zako za nyumbani. Nakutengea hiyo kwa sababu baada ya kujifungua hutakiwi kuinama wala kunyoosha mikono kwa kila nepi. Ya nne nusu yako nusu yake. Ya juu mablanketi mepesi na za shughuli, zimefungwa kwenye shuka safi. Rundo lisizidi sentimeta 30, likizidi ukivuta ya chini zote zinakuja. Na khanga zipange doti kwa doti, mkunjo ukitazama mbele, ili uhesabu kwa jicho bila kugusa.

Kiti kitolewe chumbani. Kikiwemo, nguo zitarudi hapo, sijaona nyumba ambayo hazikurudi.

Mwisho ni mume wako. Anataka nyumba yenye heshima, na mkononi ana msingi wa Ipuli ambao bado haujapanda ukuta. Mwambie kabati lake la maana lijengwe kule ndani ya ukuta. Fundi mwashi aache nafasi yenye kina cha sentimeta 60 upande wa chumba chenu, sakafu yake iinuliwe kwa zege kama sentimeta 10, na isiwe inapakana na bafu. Kuiacha sasa ni rahisi, kuibomolea baadaye ni gharama. Na kabla zege la sakafu halijamwagwa, dawa ya mchwa ipigwe kwenye msingi wote. Hiyo ndiyo pesa ya kuitoa kwenye akiba bila kusita. Siku mtakapohamia, fremu zinafunguliwa bolti, vile vipande 20 vya mbao vinaingia kwenye kabati la ukutani, na mtanunua mbao nyingine za milango tu. Kioo chake anaweza kukinunua hata wiki hii, kikae ukutani sebuleni.

Ukijifungua niandikie.

Shangazi